Maudhi Madogo Madogo

Kilichotangulia kuvimba ni macho. Nilikuwa naamka asubuhi kope zimejaa, mume wangu ananiuliza kama nimelia. Sikuwa nimelia. Ikifika adhuhuri uvimbe unashuka, unahamia miguuni, na jioni nikivua soksi naikuta alama yake imezama kwenye nyama kama kidole kilichopita kwenye udongo mbichi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Visiga. Kutwa nzima nimesimama mbele ya ubao, kwa hiyo nikalaumu kusimama. Kisha nikalaumu chumvi. Majirani walisema nina mimba, na wifi yangu mmoja akanipa hongera kabisa, kanishika mikono miwili.

Siku nilipoona mkojo wangu una povu kama maji ya kufulia ndipo nilipokwenda hospitali. Walinipima damu, wakanipima mkojo, wakaniambia nirudi, nikarudi. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu, anayeongea taratibu kama mtu anayesomea watoto imla.

"Figo zako zinavuja," alisema. "Chukulia chujio la chai lililochanika. Majani yanatakiwa yabaki juu, sasa yanapita. Kinachopita kwako ni protini."

"Limechanwa na nini?"

"Na kinga yako mwenyewe. Imechanganyikiwa, inashambulia nyumba yake. Nitakuanzishia predinisoloni. Ni dawa ya jamii ya steroidi, inaituliza hiyo kinga. Utaimeza kwa miezi, siyo kwa siku. Na sheria yake kubwa ni moja, mwalimu, naomba unisikilize: usiiache ghafla. Hata ukijiona umepona. Mwilini kuna kiwanda kidogo kinachotengeneza kitu cha namna hii. Ukimeza vidonge muda mrefu kiwanda kinafungwa, maana hakuna kazi. Siku ukiacha ghafla, cha nje huna, na cha ndani huna. Mtu anakufa hivyo."

Nilimwambia nimeelewa. Dirishani, mhudumu wa dawa alinisukumia pakiti akasema, "Meza asubuhi, ukishakula. Kuna maudhi madogo madogo, usiyaogope," akaita mwingine.

Vilikuwa vidonge vidogo vyeupe, vichungu. Kikigusa ulimi kabla ya maji, uchungu unakaa mdomoni hadi saa nne ya asubuhi, wakati wa chai ya walimu.

Njaa ndiyo iliyokuja kwanza. Haikuwa njaa ya tumbo tupu ninayoifahamu tangu utotoni. Hii ilikaa kooni na kwenye meno. Nilikula ugali wangu, nikala ukoko, nikala kiporo cha maharage kikiwa baridi huku nimesimama. Nilitafuna mihogo mibichi niliyoletewa na mzazi mmoja kabla sijafika nayo nyumbani. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia daktari alinikataza kufunga, na nyumbani kwangu hakuna aliyenilaumu, lakini binti yangu alikuwa anafunga kwa mara ya kwanza mwezi mzima na midomo yake ilikuwa imekauka. Nilikuwa naingia stoo, nafunga mlango, nakula wali wa jana nimekaa juu ya gunia la mkaa. Nikitoka nimejifuta mdomo, ananitazama, ananiuliza, "Mama, umeshameza dawa?" Najibu ndiyo.

Usingizi nao ulipungua. Usiku wa manane nilikuwa nasugua vyombo na kudeki, na nyumba yangu ikawa safi kuliko ilivyowahi kuwa. Masufuria yaling'aa hadi matako.

Uso ulifuata. Ulijaa pande mbili, ukawa duara, shingo ikapotea, na nyuma ya mabega kukaota kinundu cha mafuta ambacho mume wangu alikigusa mara moja, asikiguse tena. Nilikuwa napita nyuma ya darasa la sita nikasikia mtoto akisema, "Leo kipindi cha kwanza Mwalimu Andazi." Wenzake wakacheka. Nikasimama pale ukutani. Nilisubiri nione kama nitakasirika au nitaumia. Nikaona mchwa wamepanda kwenye mbao za dirisha. Nikaenda kumwambia mwalimu mkuu habari za mchwa.

Watu wazima walikuwa na maneno mengine. "Umenawiri, mwalimu!" "Maisha yamekukubali." Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha pale mtaa wa Picha ya Ndege, na wenzake wa karakana walimsifia kwamba anajua kutunza mke. Alikuwa anarudi nyumbani na hizo sifa, ananipa, hajui azifanyie nini. Mimi pia sikujua.

Nikaja kugundua jambo hili la kutojua nihisi nini lilikuwa limeenea. Jirani yangu alifariki, mama mmoja mtu mzima aliyenipokea nilipohamia Visiga nikiwa sijui hata bomba la maji liko wapi. Alinilelea mtoto wangu kipindi naanza kazi. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, wakalia, bega la mmoja linatikisika kwenye bega langu. Mimi nilijua huu ni msiba mkubwa. Nilijua kama ninavyojua kwamba saba mara nane ni hamsini na sita. Jibu nilikuwa nalo, ila mwilini hakuna kilichotokea. Nilivuta mtandio nikafunika uso ili watu wasione kwamba macho yangu ni makavu.

Nilimweleza daktari. Niliona aibu kidogo kumweleza, maana nilikuwa nimeenda kwa ajili ya figo.

"Inatokea," alisema. "Dawa ni moja, watu siyo wamoja. Kuna anayepandishwa, anaongea usiku kucha. Kuna anayelia bila sababu. Wewe inaelekea imekuzima."

"Nitawaka tena?"

"Tukishapunguza dozi tutaona."

Yule anayepandishwa nilikutana naye kwenye benchi la kliniki. Alikuwa mzee wa makamo kutoka Soga, mkulima wa mananasi na mihogo, ngozi yake ilikuwa na ugonjwa wa malengelenge uliomtesa hadi akawa halali kwenye shuka, analala kwenye majani ya mgomba. Predinisoloni ilimkausha malengelenge yote. Na ilimfungulia kitu kingine. Alisalimia benchi zima, mtu mmoja mmoja. Alituambia anajenga hoteli karibu na stesheni ya treni mpya, abiria wakishuka tu wakute supu. Alicheka, akasimama, akatuonyesha kwa mikono jiko litakaa wapi na mapokezi yatakaa wapi.

Mkewe alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani. Niliposogea akaniambia kwa sauti ya chini, "Pikipiki ameshaigawa. Kampa kijana aliyekuja kuuliza njia."

"Umemwambia daktari?"

"Ndiyo nimekuja kumwambia leo. Miaka yote tuliyokaa, huyu bwana alikuwa haongei. Nilikuwa nalalamika haongei."

Mbele yetu alikaa binti wa Mlandizi aliyemaliza kidato cha nne, chunusi zimemjaa kifuani na mashavuni na ndevu laini zimeota kidevuni. Alikuwa anajifunika kanga hadi puani. Yule mzee wa Soga alimwinamia akamwambia, "Mjukuu wangu, wewe utakuwa mapokezi," na yule binti akacheka, kanga ikaanguka. Nakumbuka niliwatazama wote watatu nikafikiri kwamba tumekula chungu kimoja. Niliwaza hivyo tu, kisha nikaitwa jina.

Mwezi wa Ramadhani haujaisha nikaenda Kisarawe kumwona mama. Mama yangu ni mjane, anakaa nje kidogo ya mji, kwenye nyumba aliyoijenga baba, mikorosho nyuma na mbuzi wake wachache. Ana pumu tangu sijazaliwa. Kila nikimkuta alikuwa amepungua kimo, na sisi wanawe tulisema ni uzee. Mgongo ulikuwa umepinda kama mundu. Kwenye mikono alikuwa na mabaka ya zambarau. Ukimshika tu baka linajitokeza, na ngozi yake imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mwaka uliotangulia alijikwaa kwenye kizingiti tu, mkono ukavunjika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ehe, na wewe ndiyo umekuwa hivyo? Zunguka nikuone."

Nikazunguka. Akaniambia nakaribia kufanana na shangazi yangu, marehemu, ambaye alikuwa hapiti mlango wa choo. Tukacheka, yeye zaidi.

Asubuhi nilitoa pakiti yangu nikaweka mezani pembeni ya chai. Mama naye, kwa kuwa baada ya ule mkono kuvunjika alikuwa hafungi, akatoa kopo lake la kahawa, akamimina vidonge kiganjani. Vidogo, vyeupe, vina mstari katikati.

"Mama, hivi ni vya nini?"

"Vya kifua. Si unavijua? Nameza tangu baba yako yupo."

Nikachukua kimoja nikakigusisha ulimini. Uchungu ule ule.

Nikamuuliza alivitoa wapi. Akasema zamani alibanwa sana akalazwa, akapewa vidonge hivi vya siku chache, kifua kikafunguka kama mlango. Vilipokwisha akaenda duka la dawa na ile karatasi, wakampa vingine. Baadaye karatasi ikachakaa, akawa anaenda na ganda la dawa. Baadaye hakuhitaji ganda. Akifika tu wanajua. Mwenye duka akabadilika, akaja mwingine, naye akajua.

"Na mimi nameza dawa hiyo hiyo, mama. Ya figo."

Akatazama uso wangu, akatazama mikono yake. "Basi yako imekujaza, yangu inanikausha. Wewe umebeba na nyama zangu."

Nilimweleza yale niliyoelezwa: kwamba dawa hii ikikaa sana inakula mifupa, inachubua ngozi, inatia ukungu machoni. Nilimweleza pia habari za kiwanda kilichofungwa, kwamba asije akaacha hata siku moja mpaka nimpeleke kwa daktari wangu baada ya Idi, wampunguzie kidogo kidogo. Akasema sawa. Nilimpigia simu kaka yangu mbele yake, nikaeleza yote tangu mwanzo, naye akasema amesikia.

Kaka yangu ndiye mkubwa wetu. Ni fundi wa mafriji, anaishi Gongo la Mboto, na ni mtu anayempenda mama kuliko anavyojipenda. Nasema hivi kwa sababu ni kweli. Katika maneno yangu yote alishika yale ya mifupa. Baadaye akaona kwenye simu video ya mtu aliyevaa koti jeupe, anasema dawa hizi ni sumu zinazomaliza wazee wetu. Akaja Kisarawe siku ya Idi mosi na nyama, na kanga, na chupa ya habasoda iliyochanganywa na asali na tangawizi. Baada ya chakula cha mchana akaomba lile kopo la kahawa, akalimwaga chooni.

Mama alimwambia, "Dada yako alisema nisiache."

Kaka akasema, "Dada mwenyewe ndiye aliyeniambia zinakula mifupa. Mama, unajiua taratibu na sisi tunaangalia." Akamwomba aape kwamba hatanunua tena. Mama akaapa. Haya yote alinisimulia kaka mwenyewe.

Siku mbili za mwanzo mama alikuwa mzima. Kisha akasema amechoka. Kaka, aliyekuwa amechukua likizo fupi akae naye, akadhani ni uchovu wa sikukuu. Mama akaacha kula. Akatapika. Kaka akadhani ni nyama. Akampa habasoda, akatapika na habasoda. Asubuhi moja akamkuta kitandani anaitikia lakini maneno yake hayaunganiki, ngozi ya baridi, anamwita kaka kwa jina la baba. Akambeba kwenye bajaji hadi kituo cha afya, na akiwa huko ndipo akanipigia.

Nilikuwa darasani. Nilimaliza mfano niliokuwa nimeuanza ubaoni, nikawapa watoto zoezi, nikaenda kuomba ruhusa. Najua mtu mwingine angekimbia. Mimi nilitembea, nikapanda gari hadi Kiluvya, nikachukua bodaboda ya njia ya ndani inayokatiza hadi Kisarawe. Njia nzima vumbi. Dereva alinieleza habari za ng'ombe wa mjomba wake walioibiwa na nikawa nauliza maswali yanayostahili kuulizwa.

Mama alikuwa kitanda cha dirishani. Dripu inashuka. Alionekana kama nguo iliyowekwa kitandani. Kaka alisimama miguuni pake ameshika viatu vya mama, vile vya mpira, kavibana kifuani.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, jasho linamtoka. "Wewe ndiye binti yake? Tumempima malaria, hana. Maji yanaingia ya kutosha lakini presha haipandi. Sukari nayo imeshuka. Nimemuuliza mzee hapa kama bibi anatumia dawa yoyote, anasema hatumii."

Nikamgeukia kaka. "Vidonge vyake vya kifua viko wapi?"

Akatazama vile viatu.

"Kaka. Viko wapi?"

"Nilivitupa."

"Lini?"

"Idi mosi."

"Vyote?"

"Vyote. Chooni."

Daktari alisogea karibu. "Vidonge gani?"

"Predinisoloni," nilisema. "Amemeza kila siku kwa miaka. Tangu Idi hajameza." Nikafungua mkoba nikatoa pakiti yangu nikampa. "Ni hizi. Mimi pia nazitumia, kwa figo."

Aliisoma pakiti, kisha akanitazama usoni, mashavu, shingo, akasoma na huko. Akatoka mbio. Nilisikia anamwita muuguzi, nasikia kabati linafunguliwa. Walirudi na sindano ya jamii ile ile ya dawa, wakaichoma kwenye mpira wa dripu, wakaongeza na chupa ya sukari. Nilivuta kiti nikakaa. Niliona ukucha wa mama wa kidole gumba una hina ya Idi imepakwa vizuri, haikuvuka nje ya ukucha, nikajiuliza nani alimpaka.

Walikuja kumpima presha, wakaondoka, wakaja tena. Mara ya tatu muuguzi alisema "Afadhali" na akaandika. Adhana ya alasiri ilikuwa imepita kitambo mama alipofungua macho. Akatuangalia, mimi, kaka, daktari, muuguzi.

"Mbona mmenizunguka? Nani kafa?"

Daktari alicheka kwa sauti, nadhani bila kutaka. Mama akasema anataka chai, iwe na sukari, na kama kuna mkate basi na mkate.

Kaka alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya jengo pembeni ya tangi la maji, amechuchumaa, analia kama mtoto, kamasi zinamtoka, viatu vya mama bado anavyo.

"Nilitaka kumwokoa," alisema.

"Najua."

"Mdogo wangu, nitukane. Nipige."

Nikatafuta tusi. Naapa nilitafuta, maana niliona analihitaji. Nilichuchumaa pembeni yake nikamwekea mkono mgongoni. Shati lilikuwa limelowa. Nilisema, "Haya, twende ukamnunulie mkate," na akainuka, akaenda. Mkono wangu ulikuwa umefanya kila kitu unachotakiwa kufanya mkono wa dada. Mimi nilikuwa mahali fulani nyuma yake, nautazama.

Mama alilazwa siku kadhaa, kisha nikampeleka kwangu Visiga, na kutoka hapo kwa daktari wangu. Alimpiga picha ya mgongo. Pingili zake zilikuwa zimebonyea moja juu ya nyingine kama vikombe vya plastiki vilivyopandanishwa. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alimpa dawa ya kuvuta kwa ajili ya pumu, alimpa dawa za mifupa, na predinisoloni akaipunguza kidogo tu.

"Mama, hii huenda usiiache maisha yako yote," alimwambia. "Lakini tutaiteremsha polepole hadi pale mwili utakapokubali. Na asitokee mtu akakuambia acha. Hata mimi nikikuambia acha ghafla, nikatalie."

"Na mwanangu je?"

"Mwalimu yeye ataacha, Inshallah. Figo zimeanza kuacha kuvuja."

Mama akanigeukia. "Umesikia? Utanirudishia nyama zangu."

Miezi ile tulikaa pamoja. Asubuhi tunakunywa chai na viazi vitamu, kila mmoja anameza chake. Mama alikuwa anatoa ulimi nje baada ya kumeza, kwa ule uchungu, na binti yangu akawa anamuiga. Mchana nikiwa shuleni alikuwa anakaa barazani na kutengeneza urafiki na wapita njia wote wa mtaa. Nilirudi nikakuta wanamwita bibi watu ambao mimi sijawahi kusalimiana nao.

Kliniki nilimkuta tena yule mzee wa Soga. Sikumtambua mpaka mkewe aliponishika mkono. Alikuwa na fimbo. Walikuwa wamempunguzia dozi, furaha ikashuka nayo, na wakati inashuka nyonga ilianza kumuuma. Picha ilionyesha kichwa cha mfupa kimekufa, damu haikuwa inafika. Hiyo nayo ni kazi ya dawa, walimwambia. Malengelenge hayakuwa yamerudi. Alikaa kwa shida, akanyoosha mguu mmoja mbele.

"Na hoteli, mzee?" nilimuuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Yule jamaa namkumbuka," alisema, kama anazungumzia jirani aliyehama. "Alikuwa mtu wa furaha. Wakati mwingine nammisi."

Mkewe alisema, "Mimi pia," kwa sauti ndogo, halafu akaangalia pembeni.

Pikipiki haikupatikana. Binti wa Mlandizi sikumwona tena. Nilimuuliza muuguzi, akasema amehamishiwa Dar, wala hakujua zaidi.

Kwangu uso ulipungua kuanzia chini. Kidevu kilijitokeza kwanza, kisha shingo. Watoto shuleni waliendelea kuniita Andazi hata andazi lilipokwisha, na wale wa darasa la kwanza, ambao hawakuwahi kuniona nimevimba, wakalichukua jina bila kujua maana yake. Watu wazima waliacha kunisifia. Wakaanza kuniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nimefika nusu kidonge kwa siku mama aliposema anataka kurudi kwake, korosho zimeanza kudondoka na hakuna wa kuziokota. Kaka alishahamia Kisarawe. Alikuwa amefungua banda la kutengeneza mafriji karibu na soko na analala kwa mama, anamwita asubuhi ameze dawa, anasimama hapo hapo mpaka ameze. Mama alisema anamchosha. Kaka alikuja kumchukua na gari la kukodi, akapakia mifuko yake, akaniuliza mara mbili kuhusu dozi, ingawa alikuwa anaijua. Bado hawezi kunitazama sawasawa. Mimi namtazama bila shida.

Mama alinishika mashavu kwa mikono yake miwili, yenye mabaka.

"Umerudi," alisema.

"Bado kidogo."

"Uso umerudi."

"Uso, ndiyo."

Alinitazama zaidi kidogo, kisha akaingia kwenye gari, kaka akamfunga mkanda, wakaondoka. Binti yangu alilia, akakimbilia ndani. Nilibaki barabarani nikijaribu kupata kitu. Kulikuwa na kitu, chembamba, chini ya mbavu, kama ganzi ya fundi wa meno inapoanza kuisha na hujui bado kama ni maumivu au ni shavu lako tu. Nilisimama nikakisubiri kikue. Gari la maji likapita likinipigia honi nisogee, nikasogea, kikapotea.

Niliingia ndani nikamwambia binti yangu anawe uso tukapike. Saa tisa simu ikaita.

"Nimeshafika," mama alisema. "Mbuzi wamekula mihogo yote ya uani. Kaka yako alifunga kamba vibaya. Kakaa hapa ananitazama, anataka nikuambie kwamba nimeshameza."

"Umemeza?"

"Nimemeza. Na wewe?"

"Nimemeza, mama."

"Haya. Nakwenda kuangalia mikorosho," akasema, na akakata.